Wekundu wa nyama haukuambii ng'ombe alisafiri vipi

Jumamosi moja mathe alinituma bucha ya mtaani ninunue nusu kilo. Mechi ilikuwa karibu kuanza, kwa hivyo sikuchagua sana. Nilionyesha kidole ile iliyokuwa iking'aa kuliko zote kwenye ndoano, chini ya balbu nyekundu, nikalipa, nikatoka mbio. Kufika kejani na kuifungua chini ya taa ya kawaida ya jikoni, nikapata nyama nyingine kabisa: nyeusi-nyeusi, kavu juu, na inashika vidole kama gundi. Mathe aliigusa mara moja tu akasema, "Huyu ng'ombe alikufa amechoka."

Nilicheka. Mimi ndiye niliyefika chuo, hata kama niliacha mwaka wa pili karo ilipokataa kupatikana, na yeye ni mtu aliyekulia boma la ng'ombe. Baadaye nikaanza kusoma watafiti wanasema nini kuhusu rangi ya nyama, na ikabidi nimrudie nikiwa mpole. Alichokisema kwa maneno manne ndicho wanachokiandika kwa kurasa ishirini.

Tuanze na rangi yenyewe, kwa sababu wengi wetu tunadhani nyekundu ni freshi na kahawia ni mbovu. Rangi ya nyama haitokani na damu. Inatokana na protini inayoitwa mayoglobini, ambayo kazi yake ni kuhifadhi oksijeni kwenye misuli. Ukikata kipande kikubwa sasa hivi, ndani kitakuwa na zambarau iliyofifia. Kiache kwenye hewa kwa dakika kama ishirini hivi, mayoglobini ikutane na oksijeni, na kitageuka chekundu cha kuvutia. Kikikaa zaidi kinaanza kuwa kahawia. Ndiyo maana nyama ya kusaga huwa nyekundu kwa nje na kahawia katikati: oksijeni haikufika huko, si lazima iwe imeharibika. Na ndiyo maana nyama iliyofungwa kwenye plastiki isiyo na hewa huonekana ya zambarau na mtu akaikwepa bure.

Kwa hivyo wekundu unakuambia kwamba hapo juu nyama imekutana na hewa. Basi. Haukuambii ilichinjwa lini wala nani kaiwekea nini.

Na tumewahi kuwekewa. Julai 2019, NTV ilipeperusha makala ya "Red Alert", iliyodai kwamba nyama katika baadhi ya supamaketi zetu ilikuwa ikitiwa sodiamu metabaisalfaiti ili ibaki nyekundu na isinuke. Nchi nyingi haziruhusu kemikali hiyo kwenye nyama mbichi. Inaharibu vitamini B1, na kwa mtu mwenye pumu inaweza kumletea shambulio. Mtandaoni tulichemka wiki mbili tatu hivi, memes zikapigwa, watu wakaapa kuhamia omena. Kisha tukarudi palepale tunanunua kwa macho. Kama mteja analipia wekundu, muuzaji atautafuta wekundu, kwa balbu au kwa unga. Sisemi kila bucha inafanya hivyo. Nasema sisi ndio tumeweka bei kwenye kitu ambacho ni rahisi kughushi.

Sasa turudi kwa ile nyama nyeusi ya mathe.

Ng'ombe akiwa hai, misuli yake ina sukari ya akiba inayoitwa glaikojeni. Akichinjwa, sukari hiyo hugeuka asidi ya laktiki, na nyama huanza kuwa chachu kidogo. Wataalamu hupima uchachu huo kwa pH, na namba ikishuka ujue uchachu umepanda. Misuli hai iko karibu na 7. Saa ishirini na nne baada ya kuchinjwa, nyama nzuri inafaa iwe imeshuka hadi kati ya 5.4 na 5.7. Hapo ndipo inapata ile rangi safi, na bakteria wanapata tabu kuzaana.

Lakini kama ng'ombe huyo aliogopeshwa, alipigwa, alisimama siku nzima bila maji, au alichanganywa na fahali asiowajua wakapigana usiku kucha, anafika kwa kisu akiwa ameshaiteketeza akiba yake. Hakuna sukari, kwa hivyo hakuna asidi. pH inabaki juu, hata kupita 6. Nyama inakuwa nyeusi, ngumu ya kushikana, kavu juu. Jambo baya zaidi ni kwamba inaoza haraka kuliko nyingine, kwa sababu ule uchachu uliopaswa kuilinda haupo. Na huwezi kumpumzisha saa moja ukasema mambo sawa. Ng'ombe huchukua siku kadhaa za kula na kutulia kuirudisha sukari hiyo.

Yaani hiyo rangi ya giza ni rekodi ya safari, na hii safari tunaijua sote. Ukipanda matatu Thika Road umewaona: lori limejaa ng'ombe, vijana wamekaa juu ya vyuma na fimbo mkononi, na ng'ombe akilala chini anakunjwa mkia mpaka asimame. Kutoka Garissa hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 350. Kutoka Moyale ni zaidi ya 700. Halafu kuna kushushwa, kufungiwa na wageni, kungoja zamu huko Dagoretti. Tuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura 360, lakini sijawahi kuona lori likisimamishwa kwa sababu ng'ombe wana kiu.

Hapa ndipo droni zinapoingia, na hapa ndipo nina ugomvi kidogo na watu wa teknolojia.

Kutazama wanyama kutoka juu si ndoto tena. Mwaka wa 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walionyesha kwamba kompyuta inaweza kumtambua ng'ombe wa Friesian mmoja mmoja kutoka kwa picha za juu, kwa kusoma mabaka ya mgongoni. Hapa kwetu, Januari 2023, droni zilipaa Mpala kule Laikipia zikarekodi twiga, punda milia wa kawaida na wale wa Grevy. Kutokana na video hizo ikaundwa hazina iitwayo KABR, ya kufundisha kompyuta kujua mnyama anafanya nini: anakula, anatembea, ameinua kichwa, anakimbia. Ukitumia kamera ya joto unaweza kuhesabu kundi usiku bila tochi. Na anayechechemea ataonekana kabla mchungaji hajamfikia.

Ukimtajia mtu droni na ng'ombe kwa pumzi moja, anawaza Baringo na wizi wa mifugo. Sawa, hiyo pia ni kazi. Lakini faida ya kila siku ni ndogo kuliko hapo na ni ya kweli: kujua kundi limeenda wapi, maji yako wapi, nani ameanza kukonda. Katika ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ilikataa mfululizo na mifugo zaidi ya milioni 2.5 ikafa nchini. Macho ya juu yalikuwepo hata kabla ya hapo. Tangu 2010, ile bima ya mifugo iliyoanzia Marsabit chini ya ILRI imekuwa ikitumia picha za setilaiti kupima ukijani wa nyasi na kuamua ni lini mfugaji alipwe. Setilaiti huona nyasi za eneo zima. Droni ingemwona ng'ombe mwenyewe.

Tatizo la kwanza ni la kuchekesha. Mabaka ya Friesian ni kama alama za vidole, kila mmoja na yake. Boran wetu mweupe mgongo mzima? Kompyuta itasugua macho. Mfumo uliofunzwa kwa ng'ombe wa Uingereza hauwezi kuletwa Isiolo hivi hivi ukatarajia miujiza, ndiyo maana hizo video za Laikipia zina thamani kuliko zinavyosikika.

La pili ni betri. Droni nyingi za bei ya mtu wa kawaida hupaa kama nusu saa tu, na kundi la mfugaji wa Marsabit halikai mahali pamoja likingoja uchaji.

La tatu ndilo linalonirudisha kwa nyama. Droni ikishuka chini sana, wanyama wanakimbia. Watafiti wanalijua hilo, na hupanga umbali kwa makini. Lakini mwazie kijana mwenye kidude chake kipya, anashuka achukue video tamu asubuhi ileile ng'ombe wanapakiwa. Wanatimua mbio. Ile sukari ya akiba inaanza kuchomeka hapo hapo. Kifaa cha kumlinda ng'ombe kinakuwa cha kuiharibu nyama yake.

Lakini hata droni ikirushwa vizuri, inamwona ng'ombe malishoni, mahali ambapo kwa kawaida ametulia. Haimwoni ndani ya lori, wala kwenye zizi la kungojea usiku ule wa mwisho. Tunazungumzia kuweka kamera angani wakati kipande kibovu cha safari kiko chini, kwenye lami, mbele ya kila mtu. Kamera ya bei nafuu kwenye hilo zizi na kipimo cha pH cha kushika mkononi pale machinjioni vingetuambia mengi kuliko droni kumi.

Na kwa nini havipo? Kwa sababu hakuna anayelipwa kwa ajili ya ng'ombe mtulivu. Australia, kwa miaka mingi, mpango wao wa Meat Standards Australia ulikataa nyama iliyozidi pH ya 5.7, kwa hivyo mfugaji na mwenye lori walijua kwamba fujo zitawakata mfukoni. Kwetu, sokoni ng'ombe huuzwa kwa jicho: unamzunguka, unampapasa nyonga, mnavutana bei, imeisha. Mwenye lori analipwa kwa kufika. Mchinjaji anauza kilo. Bucha inauza rangi. Ile nyama nyeusi inapotokea inashushwa bei kimyakimya, inaingia kwenye ya kusaga au inawekwa chini ya balbu, na hasara inamwangukia mathe jikoni au yule mama wa mutura.

Kwa wenzangu wanaofikiria droni kama hustle, mlango upo. Kanuni za 2020 ziliiweka kazi hiyo chini ya KCAA. Ukitaka kulipwa kwa kurusha unahitaji leseni ya urubani na cheti cha kuendesha biashara hiyo, na hata kuingiza kifaa nchini kunahitaji idhini. Si pesa kidogo kwa mtu wa mtaani. Ila ningeambiwa nichague, ningejifunza kusoma hizo video kuliko kuzirusha. Wa kurusha watakuwa wengi. Wanaoweza kutazama kundi la Boran kwenye skrini wakajua nani ana kiu ni wachache, na baadhi yao wako manyatta huko bila laptop.

Wiki iliyopita nilirudi ile bucha. Safari hii niliomba nyama itolewe chini ya balbu, tuitazame mlangoni kwenye jua. Jamaa akakubali, ingawa kwa kununa. Ilikuwa poa, nyekundu hata nje, haishiki vidole. Nikamuuliza ng'ombe alitoka wapi, na alifika machinjioni lini kabla ya kuchinjwa. Akanitazama kama nimemuuliza jina la huyo ng'ombe.

"Boss," akasema, "wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."