Wazee, Hadithi ya Simba Mnatupa Nusu

Hapa Nyarugusu ukikaa jioni na wazee waliotoka Fizi, Baraka au Uvira, hazipiti dakika nyingi utasikia: "Wewe, babu yako alikuwa Simba." Halafu yanakuja yale yale. Mwaka 1964, Soumialot, Uvira imeanguka, Stanleyville imeanguka. Wanaume wanapiga kelele "Mai Mulele!" na risasi zinageuka maji. Watoto wanasikiliza midomo wazi. Na mimi wangu ulikuwa wazi, miaka mingi tu.

Sasa nafanya kazi na vijana, na hadithi hii imenichosha. Si kwamba yote ni uongo. Watu walikuwa na hasira ya kweli: Lumumba aliuawa Januari 1961, uhuru haujatimiza hata mwaka, na waliopewa vyeo wakala peke yao. Aliyebeba mkuki hakuwa mjinga. Lakini hadithi mnaikata pale inapopendeza.

Nusu ya pili babu yangu alinipa mara moja tu, akiwa mgonjwa. Dawa ilikuwa na miiko. Usiibe. Usiguse mwanamke. Usigeuke nyuma vitani. Ukiishika, risasi haikupati. Sasa mtu akipigwa risasi je? Basi, alivunja mwiko. Mnaona ujanja wake? Dawa haikukosea hata siku moja, mwenye makosa ni maiti. Juni 1965 walipelekwa kushambulia ngome ya Bendera, kwenye bwawa la umeme, pamoja na Wanyarwanda na wale Wakuba wa Che Guevara waliovuka ziwa kutokea huku huku Kigoma. Walishindwa vibaya. Mdogo wake babu alibaki kule. Nyumbani wakasema aliiba. Alikuwa na miaka 16. Mpaka leo hakuna mtoto wa ukoo wetu aliyepewa jina lake.

Kuna na mengine hayasemwi. Makarani na walimu waliuawa hadharani Kindu na Stanleyville kwa sababu walihesabiwa ni wasomi, watu wa serikali. Na Simba waliposhindwa wakapanda milimani, wakawachukulia Wanyamulenge ng'ombe, na baadhi ya Wanyamulenge wakashika bunduki upande wa serikali. Ugomvi huo tunauita wa mababu wa mababu, kumbe sehemu yake kubwa haimzidi mama yangu umri!

Kwa nini nasema haya? Mwaka juzi kijana wa kundi letu alivuka ziwa kwenda kwa Mai-Mai. Siku chache kabla alikuja kwangu kuuliza miiko ya dawa ya zamani. Nilimtajia yote, tena kwa fahari, kama mjukuu wa Simba. Habari za Bendera sikumwambia. Mama yake bado tunakutana bombani, ananisalimia vizuri tu, na mimi namsaidia kubeba ndoo.

Na nyie ndugu zetu wa mashirika, msikae mkatikisa kichwa kama vile hayawahusu. Kwenye semina zenu za amani mnatuambia tusizungumze vita, tuangalie mbele. Sawa. Kijana anamaliza soda yake, anasaini karatasi ya mahudhurio, anarudi nyumbani kwenye moto wa mzee, na pale ndipo kuna mtu wa kumwambia yeye ni nani. Mkituzuia kuisema hadithi mchana, itasemwa usiku, na itakuwa ile nusu tamu.

Mzee mmoja, jirani yetu, nilipomwambia haya alikasirika. "Unataka tuwatukane mababu zako?" Hapana, mzee wangu. Babu yangu namheshimu, na siku nilipomheshimu zaidi ni ile aliyolia mbele yangu kwa ajili ya mdogo wake, baada ya miaka zaidi ya 50. Mngetuonyesha na machozi hayo, si mkuki peke yake.

Jumamosi hii vijana wetu watakaa na wazee chini ya mwembe, saa tisa. Nimeomba kila mzee aje na jina la mtu aliyebaki vitani, hata kama walisema alivunja mwiko. La mdogo wake babu nitalileta mimi.