Ufuta Si Badala ya Vidonge vya Presha

Mkulima wa ufuta wa Lamu bara ana mali ambayo maabara za dunia zinaipenda. Ndani ya mbegu ile mna sesamini, na ikikaangwa hutoka sesamoli. Katika majaribio ya maabara, viambata hivi hupunguza makali ya molekuli za oksijeni zinazoshambulia seli za utando wa ndani wa mishipa ya damu. Seli hizo hutoa naitriki oksaidi, gesi inayoilegeza mishipa. Ugunduzi wa kazi yake uliwapa Wamarekani watatu Tuzo ya Nobeli mwaka 1998. Gesi hiyo ikipungua, mshipa hukakamaa na presha hupanda.

Mpaka hapo sawa. Balaa ni pale mtu anaposimama gatini na chupa ya mafuta ya ufuta au unga wa mlonge, akimwambia mzee wa Shela aachane na vidonge vyake. Seli katika kibakuli cha kioo si mwili wa mtu. Nchini Finland, wavuta sigara walipewa kwa miaka beta-karotini, kiambata kingine kinachopunguza makali ya molekuli hizo za oksijeni maabarani. Matokeo ya 1994 yalionyesha saratani ya mapafu imeongezeka kwao, haikupungua.

Ufuta na uliwe, na ng'onda wa chumvi apunguzwe (ingawa kusema hivyo Lamu ni kujitafutia ugomvi). Serikali ya kaunti nayo ihakikishe watu wa Faza, Kizingitini na Kiunga wanapata vipimo vya presha na vidonge mwaka mzima, hata kusi inapochafua bahari. Na muuza chupa aulizwe: imejaribiwa kwa watu wangapi, na nani?