Kura imepigwa, kilabu bado kiko wazi

Leo ni Jumapili ya kwanza ya Majilio, na katika makanisa mengi Injili iliyosomwa ni ya Luka sura ya 21. Bwana wetu anasimulia ishara za jua, mwezi na nyota, kisha anataja jambo la kawaida kabisa. Anawaonya wanafunzi wasiache mioyo yao ielemewe na ulafi, ulevi na mahangaiko ya maisha, siku ile isije ikawanasa kama mtego (Luka 21:34). Ulevi na mwisho wa dunia vimewekwa katika somo moja.

Somo hili limetukuta siku nne tu baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa. Jumatano, 27 Novemba 2024, Watanzania walichagua viongozi wa vijiji zaidi ya 12,000, mitaa zaidi ya 4,000 na vitongoji zaidi ya 60,000. Chama Cha Mapinduzi kimetangazwa kushinda kwa zaidi ya asilimia 98 katika ngazi zote tatu, na vyama vya upinzani vinalalamikia kuenguliwa kwa wagombea wao wengi. Malalamiko hayo yanastahili kusikilizwa kwa haki. Lakini leo nina swali dogo zaidi kwa muumini wa Tabora, Urambo, Kaliua au Sikonge: je, wewe na mwenyekiti aliyepatikana Jumatano mtafanya nini kuhusu kilabu cha pombe kilicho jirani na shule ya watoto wenu?

Zipo nchi ambako swali hilo huulizwa kwenye karatasi ya kura. Huko Marekani, baadhi ya miji midogo na kaunti hupiga kura moja kwa moja: pombe iuzwe hapa, au isiuzwe. Kwetu hakuna kura ya namna hiyo. Hata hivyo tunacho chombo ambacho wengi wetu hatukitumii. Sheria inautambua mkutano mkuu wa kijiji kuwa mamlaka ya juu katika kijiji. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe, na mkutano unapaswa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji inaweza kuandaa sheria ndogo, ikazileta mbele ya mkutano huo, kisha zikapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Leseni za vileo nazo hutolewa na mamlaka za serikali za mitaa. Kwa wakazi wa mjini, pa kuanzia ni mkutano wa mtaa na diwani wa kata. Kwa hiyo saa ya kufungua kilabu, umbali wake kutoka shuleni na desturi ya kumtuma mtoto kununua pombe ni mambo ambayo wananchi wanaweza kuyazungumza chini ya mwembe wao wenyewe.

Watu wa Tabora wana sababu ya pekee ya kuthamini nafasi hiyo. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilifika hapa Unyanyembe, kisha ikagawanyika, moja ikielekea Ujiji na nyingine kaskazini hadi Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kwenda pwani na kurudi na nguo na shanga. Watumwa nao walipitishwa njia hiyohiyo. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba wa kupiga vita biashara ya watumwa, na ndani yake yakaweka masharti kuhusu silaha na pombe kali zinazoingizwa Afrika. Lilikuwa na wema ndani yake jambo lile, ila hakuna Mnyamwezi aliyeulizwa. Baadaye serikali ya Waingereza nayo ilimkataza Mwafrika pombe kali huku Mzungu akinywa klabuni kwake. Katazo la namna hiyo halimfundishi mtu kiasi. Mtu aliyekatazwa kwa dharau, akifunguliwa, hunywa kama anayelipiza kisasi.

Ndipo naikumbuka Januari 1958. TANU ilikutana hapahapa Tabora kuamua kama ishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimtaka kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Masharti yale yaliudhi, na wapo waliotaka kususia. Mwalimu Nyerere aliwasihi wenzake waingie, wakaingia, na wakashinda. Uamuzi ule unaitwa hadi leo Uamuzi wa Busara. Hawakuacha kudai masharti bora, ila hawakukubali ubovu wa masharti uwe sababu ya kukaa nyumbani. Mlango mwembamba nao ni mlango.

Mtu atasema: si serikali kuu ipige marufuku tu? Imewahi kufanya hivyo. Kuanzia tarehe 1 Machi 2017 viroba, yaani pombe kali katika vifuko vya plastiki, vilipigwa marufuku nchi nzima. Lilikuwa jambo jema, kwa maana kiroba kilikuwa rahisi kununua na rahisi kuficha hata kwenye mfuko wa sare ya shule. Lakini pombe kali ilibaki madukani katika chupa. Gongo imekatazwa kisheria kwa miaka mingi, na bado kila kijiji kinajua nyumba inakouzwa. Amri ya kutoka mbali inaweza kuondoa kifuko sokoni. Kujua nani anamuuzia mtoto wa nani, na saa ngapi, ni kazi ya majirani.

Hapa ndipo Kanisa linapojikwaa. Mahubiri dhidi ya ulevi tunayo mengi. Mkutano wa kijiji ukiitishwa, waumini wengi wako kwenye mazoezi ya kwaya, na wanaobaki kuamua ni wale wenye maslahi. Nabii Isaya aliwaona watu wa namna hiyo: mashujaa wa kunywa, ambao pia humwachilia mwenye hatia kwa rushwa (Isaya 5:22-23). Aliunganisha chupa na hukumu kwa sababu zinakutana kweli. Aliyepokea bia ya mgombea wiki iliyopita atapata wapi ujasiri wa kumkosoa kesho?

Sisemi kwamba Wakristo wote tuna msimamo mmoja. Wapo wanaokunywa kwa kiasi, wakikumbuka arusi ya Kana, na wapo ambao makanisa yao hayaruhusu hata kuonja. Tofauti hiyo haituzuii kukubaliana kwamba mtoto hapaswi kuuziwa pombe, na kwamba fedha za tumbaku, zinazoingia kwa msimu baada ya jasho la miezi mingi, zisiishie kilabuni kabla hazijafika nyumbani.

Lakini kabla ya kunyoosha mkono tukafunga kilabu, tumtazame anayeuza. Mara nyingi ni mwanamke. Pengine ni mjane, na pengine amekaa nasi benchi moja leo asubuhi. Kwa wanzuki au pombe ya mtama amenunua sare na madaftari. Tukimfungia bila kumuuliza atalisha nini watoto wake, tutakuwa tumefanya kama wale wa Brussels: tumeamua mambo ya mtu bila kumwita. Mjane aliyemwendea Elisha alikuwa na deni, na mdai alikuwa anakuja kuwachukua wanawe wawe watumwa. Nabii alimuuliza ana nini nyumbani, akaanzia kwenye chupa yake ya mafuta, na majirani wakaazima vyombo (2 Wafalme 4:1-7). Muujiza ule ulihitaji majirani.

Mama wa Tabora ana nini nyumbani? Mara nyingi ana asali, ileile anayotengenezea wanzuki, na asali ya Tabora inasifika nchi nzima. Vikundi vya akina mama na vya kuweka na kukopa vilivyo chini ya makanisa yetu vinaweza kumsaidia kupata vyombo safi, mtaji mdogo na wanunuzi, wa kwanza wao wakiwa waumini wenzake. Usharika unaotaka kilabu kifungwe uwe tayari kununua asali.

Viongozi waliochaguliwa Jumatano wana miaka mitano. Kwa mkutano mmoja kila miezi mitatu, hiyo ni mikutano 20 kwa kila kijiji. Kura tuliyopiga ni siku moja, na hizo 20 bado ziko mbele yetu. Majilio ni majira ya kukesha, na kukesha ni pamoja na kuwepo pale jambo linapoamuliwa. Wiki hii mzee wa kanisa amwone mwenyekiti mpya, amuulize tarehe ya mkutano wa kwanza. Jumapili ijayo tarehe hiyo isomwe kanisani, pamoja na matangazo ya ndoa.