Mashua kuukuu ya mbao au mpya ya faiba? Mwenye mtaji mdogo apige hesabu kwanza

MFANYABIASHARA mwenye mtaji mdogo anayetafuta chombo cha tanga cha kubebea nazi, samaki wakavu au bidhaa za dukani kwenda visiwani, husikia kauli mbili pwani nzima, kuanzia Lamu hadi Kilwa. Wazee humshauri anunue mashua ya mbao iliyokwisha zoea maji. Vijana humwambia mbao zimepitwa na wakati, achukue ya faiba. Pande zote mbili zina ukweli wake, lakini ni wachache wanaomwekea hesabu mezani.

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kulinganisha bei ya kununulia peke yake. Chombo hakiingizi fedha kwa kuwa ni cha bei nafuu, bali kwa siku zinazokikuta baharini kikiwa na mzigo. Kila siku kinapolala ufukweni kikisubiri fundi, mwenye mali anakula mtaji.

Tuchukue mfano, ambao si bei ya soko. Mashua mpya ya faiba iuzwe shilingi milioni 10 na kuukuu ya mbao shilingi milioni 4. Kila moja ikienda kazini ibakize shilingi 25,000 kwa siku. Ya mbao ipoteze siku 40 kwa mwaka kwa matengenezo, sawa na shilingi milioni 1, na fundi na vifaa vile shilingi milioni 1.2. Jumla ni milioni 2.2. Ya faiba ipoteze siku 10, yaani shilingi 250,000, na matengenezo shilingi 400,000. Jumla ni 650,000.

Tofauti ni shilingi 1,550,000 kwa mwaka kwa faida ya faiba. Ile milioni 6 iliyoongezwa wakati wa kununua itarudi katika muda wa karibu miaka minne. Kwa mwenye fedha zake taslimu na njia ya kila siku, hiyo si biashara mbaya.

Lakini wengi hawana taslimu. Milioni 6 hiyo ikiwa ya mkopo wa riba ya asilimia 20, riba ya mwaka wa kwanza pekee ni shilingi milioni 1.2. Kinachobaki katika ile nafuu ni shilingi 350,000, na deni lenyewe halijaguswa. Hapo usasa unamtajirisha mkopeshaji, si mwenye chombo. Anayekopa ana sababu nzuri ya kuanza na mbao.

Sababu hiyo ina masharti. Mashua ya mbao inapenda kazi. Ikilazwa juani wiki nyingi, mbao hukauka, maungio hufunguka, na siku ya kuishusha majini inavuja kama kapu. Minyoo ya baharini nayo hutoboa mbao zisizopakwa dawa, ndiyo maana mabaharia walizoea kuipandisha mashua wakati wa bamvua, kuisugua, kuitia kalafati ya pamba na kuipaka deheni. Mwenye chombo anayeishi mjini na kufika pwani mara moja kwa mwezi asijidanganye. Faiba humvumilia mmiliki mvivu kuliko mbao.

Faiba nayo si chuma cha pua. Ikipasuka kwenye mwamba inahitaji gundi yake maalum, kitambaa chake na mahali pakavu pa kufanyia kazi, pamoja na fundi anayejua vipimo. Ufa mdogo ukiachwa, maji huingia ndani ya tabaka na kulidhoofisha polepole bila kuonekana. Tena, umbo lake jepesi likiwa na tanga huhitaji farumi ya kutosha, la sivyo upepo wa kusi huliyumbisha. Kijijini ambako seremala wa vyombo yupo na fundi wa faiba yuko safari ya siku nzima, siku 10 za mfano wetu zaweza kuwa 60, na hesabu yote ikageuka.

Upo pia upande wa mbao zenyewe. Mbambakofi na mvule hazipatikani kama zamani, na Kenya ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma Februari 2018. Mbao zikiadimika, matengenezo hupanda, lakini mashua nzima iliyo imara nayo hupanda thamani. Mafundi wa Lamu walionyesha njia ya tatu walipoishusha majini mwaka 2018 Flipflopi, mashua iliyoundwa kwa plastiki iliyotumika, ikasafiri kwa tanga hadi Zanzibar mwaka 2019. Ilithibitisha kwamba umbo la zamani halina kosa. Linalobishaniwa ni malighafi.

Kwa hiyo mnunuzi wa mashua kuukuu asinunue rangi. Rangi mpya mara nyingi huficha mbao mbovu. Aende wakati maji yametoka, aingize ncha ya kisu kwenye mataruma na karibu na mkuku. Kisu kikizama kama kwenye muhogo uliooza, aondoke. Atazame kutu inayotiririka kwenye misumari. Kisha chombo kishushwe, kipakiwe mzigo, kikae majini siku nzima, naye ahesabu ni mara ngapi baharia anafua maji. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha jibu swali. Mwishowe, robo ya bei ya kununulia iwekwe kando kwa fundi kabla ya safari ya kwanza.

Kwa ufupi, mwenye taslimu, njia ya kudumu na fundi wa faiba jirani achukue mpya. Anayekopa, anayekaa karibu na seremala na atakayekitumia chombo kila wiki achukue ya mbao iliyofaulu jaribio. Asiye na fundi wa aina yoyote karibu, fedha yake itakuwa salama zaidi kwenye mzigo ndani ya chombo cha mwenzake. Rahisi inaghali, lakini hata ghali inaweza kuzama na deni lake.