Selimundu: Maradhi ya Mgusano Mmoja

Katika mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Kyela mjini hadi Ikombe kwa wafinyanzi Wakisi, malaria ni adui wa tangu enzi za mababu. Palipokithiri malaria ndipo selimundu ilipoenea. Kwani aliyerithi kinasaba chake kimoja hukingika na malaria kali, bali mwenye viwili huugua.

Chanzo chake ni kidogo mno. Mnyororo wa beta wa himoglobini una asidi amino 146. Mwaka 1957 Vernon Ingram alibainisha kuwa moja tu hubadilika: glutamiki, iliyo ya sita, huipisha valini. Valini hukimbia maji. Himoglobini ikishaachia oksijeni, valini hujipachika katika kishimo cha himoglobini jirani, ikagusana na fenilalanini ya 85 na leusini ya 88. Hapo nyuzi hujengeka, chembe nyekundu zikapinda mfano wa mundu na kuziba mishipa.

Wazazi, wahimizeni vijana wapime damu kabla ya ndoa. Wenye kinasaba kimoja kimoja wakioana, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaliwa mtoto mgonjwa. Kupima si kuvunja posa. Ni kuwawezesha kuamua kwa ujuzi, na mtoto akawahiwa matibabu.