Vifaa Bila Maneno: Kiswahili katika Mafunzo ya Wahudumu wa Afya Eastlands

Mnamo Septemba 2023, serikali ya Kenya ilizindua kazi ya wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, waliopewa mikoba yenye vifaa kama vile vya kupimia shinikizo la damu na sukari. Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Kayole na Dandora, hao ndio wanaobisha hodi kabla mgonjwa hajafika Pumwani au Mama Lucy Kibaki. Swali ni iwapo, pamoja na vifaa, wamepewa pia lugha ya kueleza matokeo ya vipimo.

Tuchukue mfano wa mja mzito aliyepimwa na kuambiwa kwamba ana "presha". Mtaani, neno hilo humaanisha ugonjwa, lakini pia humaanisha wasiwasi wa kodi na karo. Akionywa kuhusu "kifafa cha mimba", atasubiri kuona degedege, ilhali hatari huanza mapema zaidi: kichwa kuuma sana, macho kuona kiwi, uso na mikono kuvimba. Istilahi hiyo hutaja hatua ya mwisho na kuzificha za mwanzo. Mhudumu asiyefunzwa kulifafanua jambo hili humwacha mama katika hatari.

Chanzo ni kwamba elimu ya utabibu nchini hutolewa kwa Kiingereza, na aghalabu kila mhudumu hujitafsiria apendavyo. Hali ya utafiti si tofauti. Tangu miaka ya 1980, wanawake wa Majengo, Pumwani, wamewasaidia watafiti wa vyuo vikuu vya Nairobi na Manitoba kuelewa virusi vya UKIMWI. Makala za kitaalamu zilizotokana na kazi hiyo zimeandikwa kwa Kiingereza. Ridhaa ya mshiriki wa utafiti haina maana iwapo haelewi anachokubali.

Wapo watakaodai kwamba Kiingereza ndiyo lugha ya tiba duniani, na kwamba vijana wa Eastlands huzungumza Sheng. Hoja hizi zina uzito. Hata hivyo, daktari hapotezi Kiingereza chake kwa kujua Kiswahili. Nayo Sheng, ingawa yafaa isikilizwe, hubadilika mno kutoka mtaa hadi mtaa kuweza kubeba mwongozo wa mafunzo.

Tanzania imekwisha kuonyesha njia: TUKI ilichapisha Kamusi ya Tiba mwaka wa 2003. Idara za Kiswahili nchini Kenya hazina budi kushirikiana na vyuo vya utabibu kuandaa miongozo, na kila istilahi ijaribiwe kwanza kwa wakazi wa mitaa yenyewe. Wahenga walisema kuwa asiyejua maana haambiwi maana. Mlangoni pa mja mzito kauli hiyo haina nafasi, kwani asiyejua maana ndiye hasa anayestahili kuambiwa.