Mbio za Pikipiki Zisiwe za Wenye Mali Pekee

Kila kijana wa bodaboda anapoangamia akishindana na mwenzake barabarani, hukumu yetu huwa nyepesi: ni utundu, ni miraa, ni malezi mabaya. Aghalabu hatujiulizi kijana huyo angeshindania wapi kwingineko. Uwanja wa mbio za pikipiki unaofahamika zaidi nchini uko Jamhuri, Nairobi, zaidi ya kilomita 500 kutoka Ukunda. Na hata akifika huko, hatafua dafu kwa Boxer yake mbele ya mashine zilizoundwa mahususi kurukia vilima. Mashine hizo, zikiwa mpya, huuzwa ughaibuni kwa takriban dola 9,000, yaani zaidi ya shilingi milioni moja kabla ya gharama za meli na ushuru.

Kwa maoni yangu, mchezo wenyewe si ghali. Kilicho ghali ni chombo. Jambo hili sisi watu wa pwani tungepaswa kulielewa mapema kuliko wengine. Kule Lamu, katika sherehe za Maulidi, punda wanaoshindana ni wale wale wa kubebea mawe na mchanga. Hakuna aliyewahi kuambiwa aagize punda kutoka Ulaya! Malaysia nayo ilishika njia hiyo kwa pikipiki. Tangu mwaka 1994 ina mashindano yaitwayo Cub Prix, ambayo hutumia pikipiki ndogo zinazotokana na zile zinazowapeleka watu kazini na sokoni. Hafizh Syahrin, aliyepitia mashindano hayo, aliingia MotoGP, daraja la juu kabisa la mbio za pikipiki duniani, mwaka 2018.

Basi na tushindane kwa pikipiki za kazi. Hata hivyo lipo pingamizi zito, nami silipuuzi. Pikipiki ya bodaboda mara nyingi ni ya mkopo, au ni ya tajiri anayedai hesabu yake kila jioni. Ikivunjika Jumamosi uwanjani, Jumatatu nyumbani hamna unga. Kumtaka mtu wa namna hiyo aje na chombo chake ni kumtaka acheze kamari na chakula cha wanawe.

Kwa sababu hiyo, chombo kisiwe cha mshindani. Katiba ya mwaka 2010 iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini, pamoja na michezo, mikononi mwa serikali za kaunti. Kaunti ya Kwale na ikipe chuo kimoja pikipiki kumi za cc 150. Hata tukikadiria shilingi 200,000 kwa kila moja, jumla ni milioni mbili, fedha ambazo hazitoshi kuleta mashine mbili za kigeni. Asubuhi ya mashindano washiriki wapige kura, kila mmoja apande ile iliyomwangukia. Hapo mwana wa mwenye hoteli Diani na mwana wa mkwezi wa minazi Msambweni watatofautiana kwa ustadi tu, kwa kuwa hakuna fedha itakayonunua injini bora kuliko ya mwenzake.

Wanafunzi wa umakanika ndio wazitunze. Walimu wa ufundi wanajua ilivyo taabu kumfunza kijana kurekebisha vali kwa mchoro wa ubaoni; injini iliyotoka kuteswa vumbini humfunza zaidi. (Hata mwalimu wa fizikia atapata kona za kuelezea msuguano.)

Mahali ambapo sitaki gharama ipunguzwe ni kwenye kofia ngumu, buti na gari la wagonjwa. Pasipo gari la wagonjwa kando ya uwanja, mbio zisianze, hata kama mgeni wa heshima amekwisha keti.

Linabaki suala la ardhi. Mgodi wa madini ya titani wa Maumba na Nguluku ulifungwa Desemba 2024. Wapo wanaoitaka ardhi ile kwa kilimo, na wana haki, maana familia zilihamishwa hapo ili mgodi upate nafasi. Lakini si kila kipande kilichochimbwa kitafaa kulimwa, na uwanja wa vumbi hauhitaji rutuba. Wanaopanga matumizi ya eneo hilo na watenge ekari kumi hivi, mbali na makazi, kabla ramani haijakamilika.